Umdhaniaye ndiye

Leo asubuhi binti yangu kajitanda kanga ya mama yake, akawa anasoma maandishi ya chini herufi kwa herufi: "Umdhaniaye ndiye kumbe siye." Kisha akauliza, "Baba, huyo aliyedhaniwa ni nani?"

Nikakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Kanga hiyo alituletea shangazi mwaka 2017, baada ya kisa cha tovuti ya duka lake la kanga. Niliijenga kwa Django, zana ya kutengenezea tovuti. Kwenye kompyuta yangu ilipendeza. Kuipandisha kwenye seva na kuzima DEBUG, ile hali ya majaribio, kurasa zikabaki uchi, hazina rangi wala nembo. Siku mbili za kuhangaika ndipo nikaelewa kwamba DEBUG ikizimwa Django inanawa mikono, haigawi tena mafaili ya rangi na nembo; kuyagawa ni kazi ya nginx, programu ya seva inayowapelekea wageni kurasa. Sasa njoo kwenye uvivu wangu. Badala ya kuielekeza nginx njia mbili, moja ya mafaili yangu ya mtindo na nyingine ya picha anazopakia shangazi, nikaandika moja tu, na MEDIA_ROOT, folda ya picha hizo, nikaichomeka ndani ya STATIC_ROOT, folda ya mafaili ya mtindo. Ukizipa zote mbili folda ileile, Django inagoma. Moja kuwa tumboni mwa mwenzake, ilininyamazia.

Usiku mmoja shangazi akataka juu pawe zambarau. Nikabadilisha, wapi! Nikaona mafaili ya zamani yamenasa, dawa ni kufagia: collectstatic, amri ya kukusanya mafaili ndani ya STATIC_ROOT, na --clear mwishoni, ifute kwanza yaliyomo. Ikaniuliza kwa herufi kubwa kama nina hakika, maana itafuta mafaili YOTE humo. Nikaandika yes, upesi, kama mtu anayeitikia hodi.

Majina yakaanza kupanda kwenye skrini. Kwanza mafaili yangu ya CSS, yale ya mtindo. Halafu media/hasidi-hana-sababu.jpg. Halafu media/wema-hauozi.jpg. Shangazi kila picha aliipa jina la kanga yenyewe. Nilizisoma kama tatu hivi, hata nikatabasamu, kabla akili haijafika. Vidole vilipozipata Ctrl na C, za kuisimamisha, kazi ilikuwa imekwisha. Picha 86. Feni inazunguka, jirani anakohoa.

Nakala sikuwa nayo. Naye hakuwa nayo, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia azifute kwenye simu apate nafasi, kwamba kwenye seva ziko salama. Kanga nyingi zilishauzwa. Na ile zambarau? Asubuhi nilifungua kwa simu ya mke wangu nikaikuta inang'aa. Kivinjari changu ndicho kilichokuwa kinanionyesha ukurasa wa jana.

Nikamwambia shangazi kuwa watu wa seva wamepata hitilafu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Hao watu wa seva hawana huruma."

Wiki ya pili akaja na kanga, akampa mke wangu, akanitazama mimi.

"Baba, nani?"

"Muulize bibi," nikamjibu. Nilipoinua macho, tayari alikuwa na simu yangu mkononi, anatafuta namba.