Alama ya maji ukutani

Nimerudi sasa hivi kutoka uwanda wa Kano, kule Kisumu, Kenya. Matope hadi magotini.

Tulikwenda kupima hatari za mabadiliko ya tabianchi kabla ya kuchimba kisima cha jamii na kuanzisha shamba la mboga kando yake. Kwenye ramani, kila kitu kilikuwa shwari.

Kisha nyanya mmoja akanishika mkono. "Njoo uone, mjukuu wangu."

Ukutani mwa nyumba yake kuna mistari miwili ya kahawia. Wa chini umefifia, ni wa mwaka 2020, ziwa lilipofurika. Wa juu ni wa masika ya 2024.

Nikatoa tepu. Sentimita 118.

Msingi wa pampu tuliouchora? Sentimita 60.

Nilinyamaza. Mto Nyando ukivunja kingo, maji hupita vyooni kwanza. Yangeingia kisimani, na watoto wa nyanya huyu ndio wangeyanywa. Miezi michache baadaye jua linapasua ule udongo mweusi, nyufa za kumeza kiganja, na sukuma wiki inakaukia shambani. Sisi tulikuwa tumefikiria ukame tu!

Nyanya alikuwa anaufuata ule mstari kwa kidole, polepole, mpaka mlangoni. "Hapa ndipo nilipombeba mtoto begani."

Bado naliona lile vumbi la matope kwenye kidole chake.

Kesho tunachora upya, msingi juu ya mstari ule.

Wa Ahero, Nyakach, Budalang'i: kwenu maji yalifika wapi? Nitumieni picha za kuta zenu.