Soksi Tatu Mfukoni

Ajali ya bodaboda ilinichukua mguu wa kulia, chini ya goti. Nilipopewa mguu wa bandia nikarudi nao nyumbani Korogwe, asubuhi nilitembea mpaka majirani wakapiga vigelegele. Ikifika saa nane mchana nachechemea. Saa kumi nimeshauvua, kigutu kimechubuka mwishoni. Nikajisemea wamenipimia vibaya. Nikausukuma uvunguni, nikarudia magongo karibu mwezi mzima.

Niliporudi kliniki, fundi, kijana aliyesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC Moshi, hakuugusa mguu kwanza.

"Mama, kwenye kigutu unavaa soksi ngapi?"

"Moja, mwanangu."

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

Akacheka. Kumbe kigutu hakikai saizi moja kutwa. Usiku kinajaa maji, asubuhi soketi, yaani kikombe cha mguu wa bandia kinamoingia kigutu, inabana. Ukitembea, maji yanakamuliwa, kigutu kinasinyaa na kuzama, ncha ya mfupa inagonga chini. Dawa yake ni kuongeza soksi kabla hakijachubuka. Kigutu kikigoma kuingia mpaka mwisho, unapunguza. Tangu hapo mfuko wa gauni langu haukosi soksi tatu, nyembamba mbili na nene moja, na kila jioni nazifua, maana joto la huku na jasho havina huruma na ngozi.

Mimi ni fundi cherehani, tena cherehani ya kukanyaga. Hapo nilisumbuka. Unyayo wa bandia nilionao haupindi kifundoni, ukikanyagia pedeli unakwenda mbele lakini haurudi. Nikahamishia kazi yote mguu wa kushoto. Wiki tatu za kwanza paja liliwaka moto, na pindo za sare za shule zilikwenda upande kama njia ya ng'ombe. Wateja walivumilia, wengine kwa huruma. Mimi huruma hiyo sikuipenda, lakini hela nilipokea.

Choo cha kuchuchumaa sikukiweza. Mume wangu alikata tundu kwenye kiti cha mbao, tukamaliza.

Viatu navaa vya kisigino cha kimo kilekile mguu ulichopangiwa. Nikivaa kisigino kifupi zaidi, goti linasukumwa nyuma. Ndala ndizo zilizonishinda kabisa, kwa kuwa vidole vya bandia havishiki. Juzi nilizivaa kwenda dukani, nikapiga hatua kama ishirini huku nikijiona nimependeza, mpaka mtoto wa jirani akanikimbilia nyuma:

"Shikamoo mama! Umeacha ndala!"