Ngazi ya wote ni ya nani? Nilivyodai fidia baada ya kuanguka Majengo

Nyumba nyingi za Majengo, hapa Mombasa, ni nyumba bila ardhi: mwenye jengo ni mmoja, mwenye kiwanja ni mwingine, na wa kwanza humlipa wa pili kodi ya ardhi. Kwa hiyo nilipoanguka ngazini nikavunjika mkono, mwenye nyumba wangu alianzia hapo hapo. "Mwanangu, ardhi si yangu. Mimi pia ni mpangaji kama wewe."

Jawabu nililipata kwa jirani aliyewahi kuwa karani wa wakili. Kenya tuna sheria ya wajibu wa anayetawala jengo kwa watu wanaoingia humo, Sura ya 34 ya Sheria za Kenya. Haiulizi hati ya kiwanja ina jina la nani. Inauliza nani ana mamlaka juu ya mahali penyewe. Chumba changu nina ufunguo wake mimi. Lakini ngazi, ukumbi na paa, anayeamua vitengenezwe au viachwe ni yule anayepokea kodi. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema vivyo hivyo: jengo likipangishwa kwa sehemu, mwenye kupangisha ndiye wa kutunza paa, kuta za nje, mifereji mikuu na njia za wote, hata kama mkataba umenyamaza.

Chuma cha kushikilia cha ngazi ile kilikuwa kimelika kwa kutu pale kinapoingia sakafuni. Hewa ya chumvi huku pwani hula chuma kwa ndani huku rangi ya nje ingali nzuri. Kilianza kucheza kabla ya Ramadhani, nami nilimtumia keateka, mwangalizi wa jengo, picha kwa simu, akajibu, "Nimemwambia mzee," yaani mwenye nyumba. Ujumbe huo ulikuwa na thamani kuliko ushahidi wowote nilioukusanya baadaye, kwa sababu ulifunga mlango wa kusema hawakujua. Mpangaji yeyote anayelalamika kwa mdomo tu ningemsihi aandike, hata mstari mmoja, na picha.

Hoja ya pili ya mwenye nyumba iliniuma zaidi. Alisema nimejiangusha mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimebeba dumu la lita 20. Ni kweli mahakama inaweza kumpunguzia mtu fidia ikiona alichangia kuumia kwake. Lakini mfereji wa juu hautoi maji, na mzee anajua. Kila nyumba ghorofani hununua maji ya mkokoteni na kuyapandisha kwa ngazi ile ile. Anayepangisha ghorofa isiyo na maji ana haki gani ya kushangaa kwamba wapangaji wanabeba madumu?

Watu wengi hunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Mimi pia niliogopa, nina watoto. Ila anayelipa kodi kwa mwezi hatolewi kwa hasira. Lazima apewe ilani isiyopungua mwezi mmoja.

Makaratasi yalinichosha, lakini ndiyo dai lenyewe. Gharama usiyo na risiti yake hulipwi: eksirei, plasta, dawa, hata tuktuk ya kwenda kliniki niliilipa kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki. Daktari aliniandikia ripoti ya jeraha. Kisha nikaandika barua ya madai, kwa adabu, nikataja kwamba Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai ya majeraha hadi shilingi 1,000,000, kwamba hukumu yake inatakiwa itoke ndani ya siku 60, na kwamba naweza kusimama mwenyewe bila wakili.

Mzee aliniita barazani kwake, mwanawe akiwapo. "Shikamoo mzee wangu," nikasema, "sikuja kukuaibisha. Nataka nilipwe matibabu na siku nilizokosa kazi, na ngazi itengenezwe kabla mtoto hajaanguka." Mwanawe aliisoma barua mara mbili, akamtazama babake. Walikubali kulipa kwa mafungu mawili, na fundi wa kuchomelea akaja wiki hiyo.

Mapatano waliyoyaandika yalikuwa na sentensi kwamba sitadai tena chochote. Hiyo niliikataa. Mkono ulikuwa bado haujakunjika sawasawa, na sheria inanipa miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua kesi. Tukaandika kwamba malipo ni ya matibabu yaliyokwisha kufanyika na siku za kazi zilizopotea, tukatia sahihi sote watatu, nami nikabaki na nakala yangu.