Chevrolet ya 1956 na roka zisizopata oili

Nilipohamia Michigan kutoka Dar es Salaam nilipata kazi kwa mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa na gereji ndogo nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Detroit, ambamo magari yaliyoundwa baada ya 1970 hayakuwa na nafasi. Ufundi nilikuwa nimejifunza mtaani Gerezani, Dar es Salaam, kwenye Land Rover na malori ya Bedford, kwa hiyo kabureta na distribyuta ya platini, ile inayogawa umeme kwa plagi, hazikunitisha. Jambo lililokuwa geni kwangu ni subira ya yule mzee. Gerezani mteja husimama kando ya gari akimhimiza fundi, ilhali pale mteja alipigiwa simu pale tu mzee alipoona inafaa.

Kisa ninachokumbuka kuliko vyote kilihusu Chevrolet Bel Air ya 1956, ile ambayo mdomo wa tangi la petroli umefichwa nyuma ya taa nyekundu ya kushoto. Injini yake ilikuwa V8 ya inchi za ujazo 265, yaani kama lita 4.3, kizazi cha kwanza cha injini iliyobuniwa chini ya mhandisi Ed Cole na kuingia sokoni mwaka 1955. Wabunifu wake walikusudia iwe nyepesi na rahisi kuunda, wakaacha ile shafti ndefu ya kubebea roka, yaani vipande vinavyosukuma vali zifunguke, iliyozoeleka katika injini nyingi za wakati huo. Badala yake kila roka ilikaa peke yake juu ya stadi yake, na oili ikapandishiwa ndani ya pushirodi, fimbo zinazosukuma roka, zenye uwazi katikati, kutoka kwenye tapeti, vipande vinavyosukumwa na kamshafti, hadi juu. Ubunifu huo ninausifu mpaka leo, ila una sharti moja: oili isipofika kwenye tapeti, roka haina njia nyingine ya kuipata.

Injini hiyo tulikuwa tumeifanyia ovaholi kamili. Silinda zilichongwa katika karakana ya nje na kuongezewa upana wa sehemu 30 za elfu moja za inchi, tukapata pistoni na ringi mpya za kipimo hicho. Kamshafti ya zamani, shafti inayoendesha vali, ilikuwa imelika vibaya, na hiyohiyo karakana iliweka beringi mpya za kamshafti pamoja na kamshafti mpya, kwa kuwa kazi hiyo huhitaji vifaa ambavyo gereji ndogo haina. Yaliyobaki tuliyafunga sisi wenyewe. Mwenye gari alitaka kulipeleka kwenye Woodward Dream Cruise, matembezi ya magari ya zamani yaliyoanza 1995 ambayo hufanyika mwezi Agosti katika barabara ya Woodward, na Agosti ilikuwa imekaribia.

Injini ikiwa bado juu ya stendi, mzee alisema kwamba haitawashwa mpaka aone oili ikitoka kwenye roka zote 16. Tulitoa plagi, tukavua vifuniko vya roka, tukaingiza fimbo ndefu ya chuma katika tundu la distribyuta hadi ikashika shafti ya pampu ya oili, kisha nikaizungusha kwa drili kufuata mkono wa saa. Geji tuliyoifunga kwenye njia kuu ya oili ilipanda vizuri hadi ratili 40 kwa inchi ya mraba, na drili ikawa nzito mkononi, dalili kwamba pampu ilikuwa inasukuma. Mafundi wengi wangeridhika hapo. Mzee alipitisha kidole chake juu ya roka moja baada ya nyingine, akakitazama, akakuta pamebaki grisi ya kufungia tu. Hapakuwa na tone la oili, si kulia wala kushoto.

Nilimwambia kwamba huenda oili ilikuwa inavuja kwenye tundu la distribyuta, kwa maana katika injini hizi mwili wa distribyuta ndio unaoziba sehemu ya njia ya oili ya tapeti za upande wa kulia, na fimbo tupu haiwezi kuifanya kazi hiyo. Alikubali mara moja. Kutoka katika droo akatoa distribyuta ya zamani iliyosagwa meno ya gia yake, kifaa alichojitengenezea mwenyewe kwa ajili ya kazi hiyo, tukakiweka mahali pa fimbo na kurudia. Geji ilipanda zaidi. Roka hazikubadilika.

"Na upande wa kushoto je?" aliniuliza. Swali hilo lilinifungua macho, maana tundu la distribyuta lingeweza kueleza ukavu wa upande wa kulia tu.

Jambo lililofuata lilikuwa kuzungusha krankishafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kidogo kidogo kwa puli ya mbele wakati drili ikiendelea kufanya kazi, kwa sababu kamshafti inapogeuka tapeti hupanda na kushuka, na huenda matundu yake yasikutane na njia ya oili mahali pamoja kwa wakati mmoja. Tuliizungusha hata mikono ikachoka, tukisimama kila robo ya mzunguko, na hapakuwa na mabadiliko. Tukachomoa pushirodi kadhaa na kuzipuliza, zote zikapitisha hewa. Hapo mzee aliamua tuvue manifoldi ya hewa, inayofunika tapeti, jambo ambalo kwa kweli halikunifurahisha, kwa kuwa gasketi zake tulikuwa tumezifunga asubuhi ileile.

Manifoldi ilipotoka alichomoa tapeti moja upande wa kushoto, akaniagiza nizungushe drili tena. Tundu la tapeti likiwa wazi, oili ilipaswa kumwagika humo bila kizuizi. Halikutoa kitu. Jaribio hilo la dakika moja lilitupunguzia kazi kubwa, kwa sababu sasa tapeti, pushirodi na roka zote ziliondolewa lawama: oili ilikuwa inaishia mahali fulani kabla ya kuingia kwenye njia za tapeti, huku geji, iliyokuwa inapima njia kuu peke yake, ikitupa habari njema ambazo hazikuihusu sehemu ya juu ya injini.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kamshafti ya zamani ilikuwa bado ipo. Ilikuwa chini ya meza, imefungwa kwa gazeti. Aliifuta, akanionyesha shingo yake ya mwisho nyuma, ile inayokaa ndani ya beringi iliyo karibu na flaiwili. Kuizunguka shingo hiyo palikuwa na mfuo uliochongwa kwa makusudi. Katika bloku za 1955 na 1956, alinieleza, oili inayokwenda kwenye tapeti hupita ndani ya beringi ya nyuma kwa njia ya mfuo huo. Bloku zilizofuata zilichongwa mfuo ndani ya bloku yenyewe, nyuma ya beringi, ndipo kamshafti zikaacha kuwa nao. Kwa umbo na vipimo vingine zote mbili hukubaliana, na ile ya baadaye huingia katika bloku ya mwanzo bila kipingamizi chochote. Tulipoichomoa kamshafti mpya tukaikuta shingo yake ya nyuma ni laini kabisa.

Kuagiza nyingine kungechukua muda, na mzee alikuwa na rafiki mwenye mashine ya kukereza. Tulimpelekea kamshafti zote mbili ili apime upana na kina cha mfuo wa zamani na kuuhamishia kwenye mpya, naye akaifanya kazi hiyo kwa uangalifu hadi kingo zikawa hazikwaruzi. Kabla ya kuirudisha tuliiosha sana, maana chembe moja ya chuma katika beringi mpya ingetosha kutuharibia kazi yote, na kupitia mlango wa nyuma wa bloku tukahakikisha kwamba matundu ya beringi yamelingana na njia za oili.

Safari hii drili haikuzunguka hata dakika mbili. Oili ilianza kuchuruzika kwenye roka za kushoto, ikafuata kulia, na tulipozungusha krankishafti zote 16 zikalowa.

Tuliwasha injini baada ya kuiingiza ndani ya gari, tukitumia oili yenye zinki nyingi, kwa sababu oili nyingi za siku hizi zimepunguzwa zinki na fosforasi ili kulinda vichujio vya moshi vya magari mapya, ilhali kamshafti ya namna hii inazihitaji, hasa inapoanza kazi. Tuliiweka kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika na kuiacha hapo dakika 20 bila kuiruhusu ishuke. Ilipozimwa mzee alifungua filta, akaitandaza karatasi yake juu ya meza na kuitazama kwa tochi akitafuta vumbi la chuma. Alipokosa la kumtia shaka aliniambia niweke filta mpya na kumwaga ile oili ya kwanza, kisha akaingia ndani kumpigia simu mwenye gari.