Siku aliyokula majana

Kitinda mimba wangu kaniuliza juzi, mdomo umejaa ugali: "Mama, ni kweli dada alishawahi kula watoto wa nyuki?" Sijui huyo dada yake humsimulia nini wakipigiana simu kutoka chuoni. Ila ni kweli, hayo majana alikula. Nilikuwepo.

Ilikuwa Julai, yuko kidato cha pili. Mnakumbuka nyumba yetu ilivyokuwa kipindi kile. Ukimuuliza umeshindaje, "poa." Ukiuliza unacheka nini, "hamna." Nikasema basi, tunakwenda Sikonge kwa baba mdogo, tukashinde porini, na simu hazitakwenda. Ya kwake na ya kwangu tukamwachia dada mmoja mwenye duka la kuchajia simu pale Sikonge mjini. Binti yangu aliikabidhi ya kwake kama mtu anayemwacha mtoto mchanga kwa jirani asiyemjua, akageuka mara tatu kuitazama.

Ya pikipiki na vumbi nayaruka. Baba mdogo alitupokea kwa salamu yake ndefu ya "mwangaluka", mtoto akamwamkia shikamoo babu kwa sauti ya kulazimishwa, tukaingia pori. Hatujafika mbali, mbung'o wakamwandama. Mimi na babu wanatugusa kidogo, yeye wanamchoma hadi juu ya nguo. Babu alimtazama, suruali ya jinzi ya bluu na fulana nyeusi, akacheka mpaka akashika mti. "Mjukuu wangu, umevaa rangi za mtego!" Na hakumtania. Ile mitego ya vitambaa inayotundikwa porini kuwanasa mbung'o hushonwa kwa bluu na nyeusi, kwa sababu ndizo rangi zinazowavuta. Nikampa kitenge changu ajitande. Alikasirika, lakini alijitanda.

Kutwa nzima mzee alikuwa anaonyesha vitu. Mti wa mtundu uliokauka umesimama, umebanduliwa gome kuuzunguka kwa ajili ya mzinga: "Mzinga mmoja, mti mmoja umekufa. Mimi gome nimeacha, nachonga gogo." Visiki vya miti iliyokwenda kukausha tumbaku kwenye mabani. Tundu dogo kwenye shina, limetokeza mrija mwembamba wa nta, mlango wa nyuki wadogo wasiouma, wale ambao asali yao mjini wanaiuza bei ya kukufanya uulize mara mbili. Binti akasogeza jicho hapo, wakamwingia kwenye nywele, akapiga kelele, kisha akarudisha jicho palepale.

Mchana tulikaa chini ya mninga tukatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, tukisubiri jua lishuke, kwani nyuki wakubwa hawarinwi mchana kweupe labda kama umeichoka ngozi yako. Mimi nikajilaza kidogo. Nadhani waliamini nimelala. Binti alikuwa anamuuliza babu kama hakuwa akiogopa enzi zile wanapiga kambi ya nyuki wiki nzima porini, na mzee, ambaye mimi mtoto wa kaka yake hajawahi kunisimulia hata robo ya hayo, akamweleza habari za kulala karibu na moto, za wenzake, za hofu. Kisha nikasikia: "Babu, mimi sayansi sitaki. Ila mama ameshawaambia watu wote nitakuwa daktari."

Babu hakusema kitu kwa muda. Akauliza, "Wewe unataka nini?" "Sijui. Historia labda." "Basi hujui bado. Si vibaya." Wakarudi kwenye habari za nyuki. Nami nikaendelea kulala kwa nguvu zangu zote, huku sisimizi mmoja ananipanda shingoni na siwezi kumtoa.

Giza lilipoanza kuingia, na baridi ya Julai nayo, babu alipanda akauteremsha mzinga kwa kamba. Binti ndiye aliyeshika majani yanayofuka moshi. Mikono inatetemeka, macho yanachuruzika, lakini hakuachia. Mzee akafungua upande wa nyuma, maana asali hukaa nyuma na majana huachwa karibu na tundu la kuingilia, yasiguswe, la sivyo kundi linahama. Sega moja likakatika vibaya, likaja na kipande cha majana. Weupe, wanono, kila mmoja kajikunja kwenye chumba chake, mmoja bado anajisogeza. Babu akalimega, akatia nusu mdomoni, nusu akamnyooshea.

Binti aliniangalia mimi kwanza. Nilikuwa natoa lile jicho la kina mama ambalo watoto wetu wote wanalijua. Akalipokea. Akatafuna polepole, nta na vyote, moshi ukimpita usoni, akatema nta kiganjani. "Mtamu kidogo," akasema. "Halafu ana maziwamaziwa." Akaomba kingine. Babu akakataa: "Hao wengine ni wa mwakani."

Tulilala kwa babu. Asubuhi tukachukua simu zetu, zimejaa chaji na meseji. Kwenye basi aliinama kwenye yake tangu Sikonge, nami nimebeba dumu la asali mapajani na swali la ile historia kooni. Mwaka uliofuata, fomu za kuchagua mchepuo zilipokuja, nilisaini alichoandika bila kusoma kwa sauti. Hajawahi kujua nilisikia, labda akisoma hapa. Na hata leo sina hakika kama kunyamaza kwangu kulikuwa busara au uvivu wa kuanza mazungumzo.

Basi lilipokaribia Tabora nilimuuliza, "Wenzio wanasemaje huko?"

Akapandisha kidole, akashusha, akapandisha tena.

"Hawana jipya," akasema, akaendelea kusoma mpaka stendi.