Dende wakisikia mfuko wa majani

Tikisa mfuko wa majani karibu na kibanda, na dende wote watapiga mluzi kwa pamoja, wiii, wiii, hadi jirani wa upande wa pili wa ukuta ajue kuwa chakula kimefika. Simbilisi, wanyama wadogo wanaofugwa kama sungura, ambao hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunawaita dende, hushika upesi mlio wa mfuko, hatua za mtu anayewalisha, hata saa yake. Basi anza siku kwa kusikiliza. Yule aliyebaki pembeni kimya, manyoya yamemsimama, wakati wenzake wananyang'anyana matembele, mchukue mkononi umwangalie papo hapo. Dende hudhoofika haraka, na kesho huenda ukachelewa.

Majani ndiyo kazi yenyewe. Dende mzima wa karibu kilo moja hula gramu 200 hadi 300 za majani mabichi kwa siku: matembele, majani ya mahindi, matete machanga. Yaliyokatwa yakiwa na mvua yatandaze kwanza kivulini yanyauke kwa saa chache, maana yakirundikwa na maji yake huchacha na kujaza tumbo hewa. Majani ya viazi ulaya, ya nyanya na ya avoka yana sumu, usimpe hata kidogo.

Mwili wa dende, kama wetu, hautengenezi vitamini C. Kati ya Juni na Agosti milima inapokauka, wengi hulisha majani makavu tupu. Wiki chache baadaye mnyama anachechemea, viungo vinavimba, fizi zinatoka damu, na mwenye nyumba anadhani mguu umevunjika. Kipande cha pera, ukubwa wa kidole gumba, kila siku pamoja na majani mabichi kidogo, kingemwepusha na mateso hayo yote.

Furaha kubwa kuliko zote ni kuzaliwa kwa watoto. Mimba huchukua siku 68 hivi, muda mrefu kwa mnyama mdogo namna hiyo, na ndiyo sababu wanatoka wamekamilika: macho wazi, manyoya, meno. Sungura huzaliwa uchi na kipofu, lakini mtoto wa dende anatafuna jani siku hiyo hiyo. Majike wanaonyonyesha pamoja huwaachia hata watoto wa wenzao wanyonye. Kitoto kikishiba kinaruka juu ghafla, kinajipinda hewani, kinatua, kinaruka tena. Ukiona hivyo, jua kibanda kinakwenda vizuri.

Watoto watenge na mama yao wakifikisha wiki 3, madume huku, majike kule. Jike anaweza kushika mimba akiwa bado na mwezi mmoja tu, na mwili wake hauwezi kuibeba. Lakini pia usimcheleweshe: azae mara ya kwanza kabla ya miezi 6 au 7, kwa sababu baadaye mifupa ya nyonga hukazana na mtoto hukwama. Tena, jike aliyezaa hurudi kwenye joto, yaani huwa tayari kupandwa tena, saa chache tu baada ya kuzaa. Kama amekonda, mtoe dume kabla ya siku hiyo, ama sivyo atabeba mimba huku ananyonyesha.

Sanduku la mita moja na nusu kwa mita moja linatosha dume mmoja na majike sita. Madume wawili watapigana, na utasikia meno yakigongana kabla ya damu kutoka. Dume mbadilishane na mtu wa mtaa mwingine, wa Kadutu na wa Bagira kwa mfano, ili asipande binti zake. Wengi huwafuga jikoni kwa sababu ya baridi ya usiku. Joto ni jema, moshi unaharibu mapafu. Afadhali kibanda cha mbao kilichoinuliwa, upande wa upepo umezibwa, wavu wa matundu madogo mbele, maana panya hula watoto.

Akiugua, usimpe amoksisilini wala penisilini iliyobaki nyumbani. Dawa hizo huua bakteria wema wa tumbo lake, anaharisha, anakufa. Muulize vetenari kwanza.

Watoto wa nyumbani wafundishwe kumbeba: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya matako, wakiwa wamekaa chini, maana akianguka uti wa mgongo huvunjika. Akishawazoea atanyoosha mguu wa nyuma pembeni, mapajani mwao, na kuguna kwa sauti ya chini.