Mnunuzi wa kwanza wa shamba jekundu

Picha ilinifikia kwanza kwenye simu. Mdogo wangu alikuwa anasomea udaktari Moscow, kwenye chuo ambacho wazee wetu walikuwa bado wanakiita Lumumba, na usiku mmoja alinitumia picha na maneno machache: "Dada, nimekuta shamba la Mama ukutani kwa Warusi." Nikaikuza kwa vidole mpaka ikavunjikavunjika. Ulikuwa mchoro wa Van Gogh, mchoraji Mholanzi: mizabibu myekundu, wanawake wameinama, jua kubwa la njano linazama upande wa kulia. Mimi nimezaliwa Mpunguzi, kwenye barabara ya Iringa ukitoka Dodoma mjini, na tangu nilipojua kutembea nimeokota zabibu zilizodondoka chini. Sikulala upesi usiku ule.

Basi ofisi iliponipeleka Moscow kwa mafunzo, Oktoba 2018, niliomba siku za likizo nizibandike mwishoni. Mafunzo yenyewe sitayasimulia. Yalikuwa ya ukumbini, na kahawa.

Nitakachosimulia kwanza ni teksi, kwa sababu bado inaniuma. Mdogo wangu alikuwa na mtihani siku niliyofika, akaniambia nitumie treni ya uwanja wa ndege. Mlangoni akanidaka mwanamume mmoja mwenye kadi shingoni, mpole, anajua Kiingereza cha bei tu. Tukakubaliana. Tulipofika akasema bei ile ilikuwa ya kufika katikati ya mji, sisi tumevuka. Halafu kuna ya mizigo. Halafu kuna ya foleni, kana kwamba foleni niliileta mimi kutoka Dodoma. Alikuwa ameshafunga buti, begi langu liko ndani, na nje kunadondoka kitu ambacho si mvua wala si theluji. Nikalipa. Fedha ile kwa hesabu ya kwetu ilikuwa nauli ya basi Dodoma mpaka Dar es Salaam na kurudi, mimi na Mama na wajomba wawili, na soda njiani. Dereva akanitolea begi kwa heshima na kunitakia mapumziko mema. Siku nzima iliyofuata kila kitu nilikipigia hesabu kwa teksi ile: supu ya kiazisukari chekundu, robo ya teksi, soksi nzito, nusu ya teksi. Mdogo wangu akanisihi niache.

Baridi ya Moscow mwishoni mwa Oktoba inaingilia viatuni. Chumba nilichopanga kilikuwa na joto la kupita kiasi, dirisha halifunguki, na jirani upande wa pili wa ukuta anasikiliza redio hadi alfajiri. Nililipa kama chumba cha hoteli nikapata kitanda cha bweni. Haya, tuyaache.

Jumba la makumbusho la Pushkin liko mtaa wa Volkhonka. Unashuka kituo cha metro cha Kropotkinskaya, unatokea mbele ya kanisa kuu la Kristo Mwokozi lenye makuba ya dhahabu, unavuka barabara. Jengo kubwa lenye nguzo za Kigiriki ndilo linalopigwa picha na watu. Picha za Wafaransa, na hii yetu pamoja nazo, zilikuwa jengo la pembeni. Unaacha koti kwa mama wa mapokezi, anakupa kibati chenye namba, na hapo hudaiwi kitu. Nilishukuru.

Van Gogh aliichora Novemba 1888 huko Arles, kusini mwa Ufaransa. Jumapili moja mwishoni mwa Oktoba alikuwa ametoka kutembea na Gauguin, mchoraji mwenzake aliyekuwa amehamia kwake siku chache tu kabla, wakalikuta shamba limeiva rangi baada ya mvua, jua likizama. Alimwandikia ndugu yake Theo kwamba lilikuwa jekundu lote kama mvinyo mwekundu, kwa mbali linageuka njano, mbingu ya kijani, na ardhi iliyolowa inang'aa pale jua linapogusa. Akaichora kwa kumbukumbu. Si picha kubwa: sentimita 75 kwa 93, mtu mmoja anaibeba kwapani.

Nilisimama mbele yake nikasahau baridi. Halafu nikaanza kufanya anachofanya mtu yeyote wa Mpunguzi akiingia shamba la mwenzake, yaani kukagua. Hakuna nguzo. Hakuna waya. Mizabibu imeachwa chini kama vichaka, ndiyo maana wanawake wameinama kiasi kile. Kwetu mzabibu unaupandisha kwenye waya, unavuna ukiwa umesimama, na mgongo unakuuma kwa ajili ya kubeba ndoo tu. Na majani: yakishakuwa mekundu hivi, mavuno ya kule huwa yamekwisha, kwa sababu wao huvuna Septemba, na rangi hii huja baridi inapoanza. Naamini mchoraji alikusanya majira mawili kwenye turubai moja, kazi ya mavuno na wekundu unaofuata baadaye. Halafu mvua. Ardhi upande wa kulia imelowa mpaka inaonekana kama mto. Mkulima wa zabibu akiona mvua wakati vichala vimeiva, tumbo linamshuka, maana zabibu zinapasuka, zinaota ukungu, na kesho yake hakuna wa kuzitaka. Hawa akina mama wanakimbizana na kuoza. Nilichuchumaa ili nione mikono yao vizuri.

Hapo ndipo bibi mlinzi aliponijia.

Kila chumba pale kina bibi wa namna hii, amekaa kwenye kiti na shali yake, anaonekana amesinzia. Hasinzii. Alikuja kwa hatua za haraka akisema jambo ambalo halikuhitaji mkalimani: simama, rudi nyuma. Nikasimama. Mdogo wangu akaingilia kwa Kirusi chake, akamwita kwa heshima, akaeleza kwamba huyu ni dada yangu, familia yetu inalima zabibu Afrika. Bibi akanitazama kutoka viatuni hadi kwenye nywele. Akauliza kama Afrika zabibu zinaota kweli.

Nikamwambia, kupitia mdogo wangu, kwamba Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Hakuamini. Nikamweleza kuwa kwetu hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima ndiye anayeulaza kwa mkasi: ukipogoa, unaamka, na baada ya miezi kama minne unavuna. Akaita bibi mwenzake wa chumba cha pili. Nikaulizwa tunakataje. Nikaonyesha kwa mikono mitupu: kushoto unakishika kichala kwenye kikonyo usifute ule unga mweupe wa juu, kulia unakata, unalaza kwenye ndoo, hutupi. Nikaulizwa magonjwa. Nikataja ubwiri unga na salfa tunayopiga. Neno salfa walilipata bila kutafsiriwa, na yule wa kwanza akapiga makofi. Alikuwa na shamba dogo la bustani nje ya mji, na yeye pia hupiga salfa. Wageni wawili watatu wakasimama kusikiliza wakidhani ni maelezo ya picha. Nadhani yalikuwa.

Tukaanza kuongea kuhusu wenye mali. Bibi aliwajua wote kwa mpangilio, kama mtu anayetaja ukoo. Baada ya Paris, alisema, picha ikaja kwa Ivan Morozov, tajiri wa viwanda vya nguo, aliyeinunua mwaka 1909 na kuitundika nyumbani kwake mtaa wa Prechistenka, si mbali na pale tuliposimama. Yakaja mapinduzi. Desemba 1918 serikali ya Lenin ikautaifisha mkusanyiko wake, nyumba ikawa jumba la makumbusho. Mwaka uliofuata Morozov akaondoka nchini na familia yake, na mwaka 1921 akafa huko Carlsbad. Wakati wa vita vya Hitler picha zikasafirishwa mbali, upande wa mashariki. Mwaka 1948 Stalin akalifunga jumba lile, picha zikagawanywa kama mirathi, nyingine Leningrad, nyingine hapa. Hii ikaangukia hapa. Nyingine ya Van Gogh iliyokuwa ya Morozov, ya mkahawa wa usiku, serikali ilishaiuza mwaka 1933, na leo iko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Kitukuu wa Morozov aliidai mahakamani akashindwa. "Hii haikuuzwa," bibi alisema, na akaweka mkono kifuani. "Hii ni ya watu wote."

Nilimwelewa. Mimi ni Mtanzania; utaifishaji si hadithi ya mbali kwetu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua mabenki, viwanda na mashamba ya mkonge, na baba yangu mkubwa alikuwa kibarua wa mkonge Kilosa. Alisimulia hadi uzee wake siku walipoambiwa shamba sasa ni lenu, na kesho yake kengele ya kazi ikalia saa ileile. Sikumweleza bibi hayo. Ningehitaji Kirusi kingi kuliko alichokuwa nacho mdogo wangu.

Ila nilimuuliza: na kabla ya Paris?

Akapunga mkono. Mwanamke fulani, Mbelgiji.

Hapo niliumia, nasema kweli, kwa sababu nilikuwa nimesoma kabla ya kusafiri, na mwanamke huyo ndiye niliyekuja kumtafuta. Aliitwa Anna Boch. Alikuwa mchoraji, binti wa ukoo wenye viwanda vya vyombo vya udongo Ubelgiji, na mwanachama wa kikundi cha wasanii cha Les XX. Mdogo wake wa kiume, Eugène, alifahamiana na Van Gogh kule Arles na akachorwa naye. Januari 1890 kikundi hicho kilifungua maonyesho Brussels na kumkaribisha Van Gogh alete kazi sita. Mmoja wa wachoraji, Henry de Groux, alikataa kazi zake zitundikwe chumba kimoja na hizo, akazitukana mpaka mchoraji mwingine, Toulouse-Lautrec, akataka wapigane. Katika hali hiyo, watu wakizicheka kuta, Anna Boch alichagua shamba jekundu na kulilipia faranga 400. Van Gogh alikuwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy. Julai mwaka huohuo alikufa. Watu husema hiyo ndiyo picha pekee aliyouza akiwa hai. Wataalamu wanabishana na hilo. Mimi linanitosha kwamba kwa picha hii tunamjua mnunuzi, tunajua bei, na tunajua hakusubiri mwingine aanze.

Anayelima zabibu anajua mnunuzi wa kwanza ni nani. Mahindi utayaweka ghalani ungoje bei. Zabibu hazingoji. Madalali wa kwetu wanalijua hilo, kwa hiyo asubuhi huwaoni. Wanakuja jua likishakuwa kali, wanapita na gari polepole, wanatazama kreti zako zinavyovuja, wanataja bei ambayo ni aibu hata kuitamka, na mkulima anaikubali kwa sababu jioni zitakuwa hazina bei kabisa. Viwanda navyo vinachukua mzigo na kukupa karatasi. Fedha inakuja baada ya miezi, au inakuja nusu. Mwaka mmoja Mama alikamua zabibu zake zote akauza mchuzi kwa madebe, kwa hasara, ili ada ya mdogo wangu ipatikane. Baada ya hapo, kwenye chupa yenye lebo nzuri mezani kwa watu wa mjini, bei inajulikana na kila mtu aliyeigusa njiani amepata chake. Mtu anayekuja asubuhi, mapema, akiwa peke yake, akakulipa bila kungoja uoze, huyo tunamjua kwa jina la baba yake na tunamwombea.

Nilimweleza bibi yote haya, au mdogo wangu aliyaeleza. Alichelewa sana kwenye neno dalali. Bibi alisikiliza akiikazia macho picha, si mimi. Mwishowe akaniambia nirudie jina la yule mwanamke, akalitamka mara mbili kwa Kirusi chake. Kisha kikundi cha shule kikaingia, naye akaenda kuwarudisha watoto nyuma.

Tulitembea mpaka Prechistenka namba 21. Nyumba ya Morozov leo ni ya Chuo cha Sanaa cha Urusi. Kuta zake ni pana, na ukiwa mlangoni unapata picha ya utajiri uliohitajika ili mtu apande treni kila mwaka kwenda Paris kununua michoro. Tukanywa chai jirani. Bei ya chai ile nayo sitaisahau.

Jioni nilimpigia Mama, nikamtumia picha, nikamsimulia. Aliuliza maswali ya kazi tu. Kwa nini hawana waya. Kwa nini wanavuna na mvua. Farasi wa ule mkokoteni anakula wapi, asije akala mizabibu. Nilipofika kwa Anna Boch alinikatisha.

"Huyo mama alilipa palepale, au alikopa?"

Nikamwambia maonyesho yalifunguliwa Januari, na kabla Machi haijaisha Theo alimwandikia ndugu yake kwamba fedha ya Brussels imeshafika mkononi mwake.

Mama alikaa kimya akihesabu miezi. "Januari mpaka Machi," akasema. "Huyo angekuja Mpunguzi tungemuuzia." Kisha akaniuliza kama nimepata mkasi mzuri wa kupogolea huko Urusi, na kwa bei gani.